Spika za Gari Hazikuungua

Kabula mwanangu,

Spika za gari hazikuungua. Nimekuambia hivyo miaka kumi na saba, na wiki iliyopita nikakuambia tena, ukiwa umesimama mlangoni na bisibisi mkononi. Ni uongo. Waya zake nilizikata mimi mwenyewe kwa praizi, jioni ya siku tuliyomzika mama yako. Wanaojua kilichonifikisha hapo ni wawili tu, mimi na Fundi Pazi, na Fundi Pazi hajui yote.

Kesho asubuhi unaondoka na gari hilohilo kwenda Igunga kuanza kazi. Sasa hivi umekwenda mtaa wa Ng'ambo kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachilia mpaka ule ushibe na ufungiwe michembe, viazi vikavu vya njiani, kwa hiyo ninazo saa chache za mchana. Umeniachia chai kwenye chupa na vidonge kwenye kisahani, vya saa nane kushoto, vya jioni kulia. Pale utakapoona mwandiko umebadilika, ujue nilijilaza kidogo nikarudi.

Sikuandikii habari za oili, wala za kufunga milango, wala za watu wa kukaa nao mbali. Hayo unayajua kuliko mimi. Ninaandika kwa sababu ya simu.

Mwezi uliopita, ulipokwenda kupimwa afya kwa ajili ya ajira, ulinipigia ukiwa bado chumbani kwa daktari. "Baba, presha yangu imeonekana iko juu kidogo. Daktari anauliza mama alifariki kwa ugonjwa gani." Nami nikajibu bila hata kuvuta pumzi: "Malaria. Ilimpanda kichwani." Nikakusikia ukimwambia, "Malaria." Basi ikaandikwa.

Haikuwa malaria, mwanangu. Ilikuwa moyo. Ukifika Igunga, kabla hujapanga hata vyombo, nenda hospitali ukamwambie daktari hivi: mama yangu alikufa kwa moyo akiwa na miaka arobaini na moja, alikuwa na presha ya muda mrefu na hakuijua. Kama barua hii utaishia hapa kwa hasira, basi uwe umeshalisoma hilo.

Sasa nirudi kwenye spika, maana bila kueleza spika siwezi kueleza mengine.

Redio ya gari ikiwaka taa na isitoe sauti, usianze kufungua kitu. Anza na kile ambacho kidole kinakifikia. Kuna kitufe cha kuzungusha kinachogawa sauti, mbele au nyuma. Gari letu lina spika mbili tu, za milango ya mbele. Za nyuma halikuwahi kuwekewa. Kitufe kile kikizungushwa chote kuelekea nyuma, redio itakuwa inaimba kwa nguvu zake zote kwenye spika zisizokuwepo, na wewe utadhani imekufa. Kiangalie hicho kwanza. Kiangalie kabla ya kitu kingine chochote duniani.

Kikiwa sawa, angalia fyuzi. Kisha pima spika yenyewe: toa waya zake mbili, chukua betri moja ya tochi, gusisha waya kwenye ncha zake mara moja na kuachia. Spika ikikwaruza, ni nzima. Kijana uliyempelekea gari wiki iliyopita, yule aliyesema ununue mpya, hakufanya jaribio hilo la betri. Angelifanya angekusikilizisha spika mbili nzima kabisa. Halafu fuata waya kutoka mlangoni. Watu wengi hukuta zimekatikia kwenye bawaba, panapokunjwa kila mlango unapofunguliwa. Zako hazikukatikia hapo. Inua kapeti chini ya kiti cha abiria, upande wa mlango. Utaona waya nne zimekatwa sawasawa, zimefungwa tepu nyeusi moja moja ili zisiguse bodi. Kazi safi. Nilikuwa na akili timamu nilipoifanya, na hilo ndilo linaloniumiza. Rangi kwa rangi, ziunganishe, zifunge tepu upya. Redio huwezi kuijaribu bila umeme, kwa hiyo betri ya gari iwe mahali pake na ufunguo uwe umezungushwa. Zitasema.

Ndani ya bahasha hii kuna kaseti. Usiitie kwenye redio kabla hujamaliza kusoma.

Nimelala kidogo. Naendelea.

Wewe umekua wakati utani umebaki wa mpira tu, kwa hiyo nikueleze ule wa zamani. Wazee wetu Wanyamwezi walitoka hapa na meno ya tembo mabegani, wakaenda kwa miguu mpaka pwani, na kule mwisho wa njia waliwakuta Wazaramo. Walidhulumiana, wakauguzana, wakazikana. Baada ya vizazi viwili vitatu vya kufanyiana hivyo wakaachiana ruhusa: mtani akutukane na usikasirike, achukue kuku wako bila kuomba, na ukifiwa, yeye ndiye aje kukuzikia na kukuchekesha. Kukasirika mbele ya mtani msibani ni aibu kubwa kuliko kulewa.

Fundi Pazi alikuwa mtani wangu. Alikuja Tabora kijana, kwa treni, kumtembelea mjomba wake aliyefanya kazi reli, na hakurudi kwao. Akafungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko. Alirekodi pia kanda za kwaya, za Wamoraviani, za Wakatoliki, na kaswida za Waislamu wenzake. Nikipita na baiskeli alinianza kutoka mbali.

"Mnyamwezi! Babu yako alibeba pembe ya ndovu mpaka pwani bila kutua, wewe madaftari ya wanafunzi yanakutoa jasho?"

"Na babu yako alikuwa amekaa kivulini anamsubiri amwuzie maji."

"Akamwuzia, akapata faida, ndiyo iliyonipa nauli ya kuja kuwatazama mlivyo wabishi."

Mama yako alikuwa hodari wa utani kunishinda. Akisimama pale kibandani hata wapita njia walipunguza mwendo. Mimi nilikuwa na ulimi, ila nilikuwa na kiburi pia, na utani ukikutana na kiburi huwa mahali pa kujificha.

Ilikuwa likizo ya Juni. Wewe ulikuwa na miaka tisa, tulikuwa tumekupeleka Tura kwa bibi yako. Jumamosi nililipangusa gari ndani kwa kitambaa kibichi, kila mahali, maana nilikuwa nalipenda gari lile kuliko ilivyostahili. Jumapili tukawasha redio kwenda kanisani. Taa, lakini sauti hakuna.

"Mpelekee Pazi," mama yako akasema.

"Nimefundisha umeme miaka ishirini na mbili, nikampelekee Mzaramo waya mbili?"

Jumatatu nikaanza. Fundi mzuri huanza na kilicho karibu. Mimi nilianza na nadharia. Nilichora mchoro wa mkondo kwenye daftari, nikafungua kava za milango, nikatoa dashibodi nikailaza kwenye mkeka uani, nikapanga skrubu kwenye visahani vya chai vya mama yako. Majirani wakawa wanapita kuuliza hali. Kila aliyeuliza alinifanya niwe mbishi zaidi.

Jumanne, wakati wa chai, mama yako alisema, "Baba Kabula, kifua kinanibana tangu jana. Na mkono huu umekuwa mzito. Nipeleke hospitali."

Nikamjibu kwamba ni zile ndoo za maji, apumzike. Nikaongeza kwamba kwa vyovyote gari halitembei, si analiona lilivyo?

Alilitazama. Akajifunga kitenge, akatoka. Nilidhani anakwenda kwa jirani. Alikwenda kwa miguu mpaka sokoni, kwa Fundi Pazi, na jua lile, na kifua kile.

Alichosema kule kimo kwenye kaseti. Pazi alikuwa anajaribu kinasa sauti cha mteja, na kila aliyefika siku hiyo alimwambia aseme neno. Nitakuandikia yote, maana si marefu. Kwanza Pazi anasema, "Sema neno, mtani, nijaribu mashine." Mama yako anauliza aseme nini. "Mtukane mumeo, hilo halihitaji matayarisho." Anacheka. Utakisikia kicheko, Kabula, ni kilekile, kinaanza puani. Halafu anasema:

"Baba Kabula amelifumua gari kama kuku wa Krismasi. Leo siku ya pili anatafuta sauti ndani ya viti. Njoo umwokoe kabla hajafika kwenye injini!"

Wanacheka wote wawili. Kisha sauti yake inashuka.

"Na mimi kifua kinanibana, mtani. Nimemwambia anipeleke hospitali, anasema gari halitembei."

Hapo kanda inazimwa.

Pazi alikuja jioni ileile, na mfuko wake wa vifaa. Mimi nilikuwa chali, kichwa chini ya usukani, miguu nje.

"Hodi! Nimesikia kuna maiti ya gari hapa, nimekuja kuosha."

"Rudi ukaoshe nazi."

"Toka hapo, mtani. Nipe dakika tano."

"Dakika tano zako zitanigharimu mwaka mzima wa kutukanwa. Kaa uangalie elimu."

Akacheka. Halafu akachuchumaa karibu na miguu yangu, akasema taratibu, "Mkeo anaumwa. Mpeleke hospitali leo. La sivyo utamzika huku umekumbatia redio."

Mwanangu, watani huambiana hivyo kila siku. Tulikuwa tumeshazikana na Pazi mara mia. Nami nikajibu kama inavyojibiwa: "Nikimzika, kaburi utachimba wewe. Si ndiyo kazi mliyoachiwa?"

Mtani akishatupa neno husubiri arudishiwe, ndiyo raha yake. Pazi hakucheka. Alisimama. Nikaona viatu vyake vimebaki pale pale, haviondoki.

"Mwalimu," akasema. "Nimesema mpeleke."

Hakuwa amewahi kuniita Mwalimu. Nilisikia tofauti hiyo vizuri kabisa, kama unavyosikia mtu akikanyaga kijiti kikavu. Nikaendelea kukaza skrubu.

"Gari halitembei," nikasema. "Huoni?"

"Basi nikaite teksi."

Mama yako ndiye aliyemaliza mambo. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, akasema, "Mwache, mtani. Kesho atakuwa amemaliza." Alikuwa ananifichia aibu. Alinifanyia hivyo miaka yote, mbele ya wazazi wa wanafunzi, mbele ya wazee wa kanisa, na siku ile akanifanyia kwa mara ya mwisho. Pazi akachukua mfuko wake akaondoka.

Nimefikiri sana juu ya viatu vile. Sina hekima kubwa ya kukuachia, lakini nina hii: mtu anayekutania kila siku, siku akiacha kucheka, weka chini ulichoshika. Usimjibu. Simama tu.

Jumatano asubuhi aliniomba tena. Nitakuja huko.

Saa sita mchana nilikata tamaa, nikairudisha dashibodi. Nilipokuwa nasukuma redio kwenye tundu lake, kidole gumba kiligusa kile kitufe kikazunguka, na sauti ikalipuka. Lilikuwa tangazo la sabuni. Spika zilikuwa nzima, waya nzima, fyuzi nzima. Kitufe nilikuwa nimekizungusha mwenyewe Jumamosi, kwa kitambaa, nikipangusa vumbi.

Unajua nilihisi nini? Furaha. Nikaita, "Mama Kabula! Njoo usikie!" Hakuja. Nikaongeza sauti ili imfikie huko ndani alikolala. Nikamaliza kukaza skrubu mbili zilizobaki. Ndipo nikaingia.

Alikuwa hai, lakini hakuweza kusema. Nilimbeba, nikamweka kiti cha mbele, nikaendesha. Tulifika hospitali redio ikiwa inaimba, sikukumbuka kuizima. Alikata roho wakiwa wanamshusha. Daktari, mtu mzima, alinieleza habari za moyo, kisha akasema, "Angeletwa jana," akanitazama usoni, akaona hakuna haja ya kumalizia.

Watu wote niliwaambia malaria. Ni ugonjwa usioulizwa maswali.

Ulikuja na bibi yako kwa treni. Siku ya maziko ulikuwa na gauni la bluu, na ulikuwa hujasema neno tangu ushuke stesheni. Wanawake walikupa uji ukakataa. Na hapo Fundi Pazi akafanya kazi yake ya utani, kazi ambayo hakuna mwingine pale uani aliyekuwa na haki nayo. Alijifunga kitenge cha mama yako na kilemba chake cha kwaya, akabeba mkoba wake, akatembea kama yeye, ule mwendo wa mtu aliyechelewa ibada lakini hataki kuonekana anakimbia. Akaingia ndani ya gari, akakaa kiti cha abiria, milango wazi, mkoba magotini. Akatia kaseti.

Sauti ya mama yako ikatoka. "Baba Kabula amelifumua gari kama kuku wa Krismasi."

Uani palilipuka. Watu walicheka na machozi yakiwatoka, hata mchungaji. Na wewe ulicheka, Kabula. Ulikuwa umekaa mkekani na bibi yako, ukainua kichwa, ukacheka kile kicheko kinachoanzia puani.

Mimi nilisikia alivyoshusha sauti. "Na mimi kifua..." Nikajua kinachofuata, maana najua anavyoshusha sauti anapotaka kusema la kweli. Niliruka nikaingiza mkono nikanyofoa redio kwenye tundu lake na waya zake. Nikamvuta Pazi kwa kitenge mpaka nje ya gari. Nikamwita mwizi wa sauti za wafu, nikasema ametutukania maiti na kutuharibia gari, asikanyage tena nyumbani kwangu. Yote kwa sauti kuu, mbele ya ndugu za mama yako na ndugu zangu.

Alikivua kitenge taratibu, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kiti. Wazee walitazama chini. Hakuna aliyewahi kuona Mnyamwezi akimfukuza mtani msibani.

Na wewe ukaacha kucheka. Ulinitazama mimi, kisha ukamtazama yeye, ukaamua kwamba baba yako ndiye mwenye haki, kama mtoto anavyopaswa kuamua. Tangu siku ile hukumwamkia Fundi Pazi. Nilikuona mara nyingi ukivuka barabara kukwepa kibanda chake, nami nilijisikia nimelindwa. Binti wa miaka tisa, kisha kumi na tano, kisha ishirini, ananilinda na hajui kitu gani.

Jioni ile, watu walipotawanyika, nilirudisha redio mahali pake ili gari lisionekane limebomoka, nikakata waya chini ya kapeti. Ungeliuliza kwa nini sikuichoma kaseti, jibu ni kwamba imebeba sauti yake. Kabla ya kukata niliisikiliza mara moja mpaka mwisho, maana ilikuwa imebaki ndani ya redio; baada ya hapo sikuweza kuichoma na sikuweza kuisikiliza tena. Nikakata kilicho kati yetu.

Miaka sita baadaye nilikutana na Pazi kwa kinyozi. Viti viwili, kioo kimoja, hatukuwa na pa kukimbilia. Alisema akinitazama ndani ya kioo: "Mwalimu, sikuitia ile kanda ili kukuaibisha. Nilikumbuka utani tu. La kifua nilikuwa nimelisahau kwamba limo." Akaongeza, "Hata hivyo hujanifukuza. Mtani hafukuzwi, hujui hata mila zenu." Kinyozi akacheka, hakujua anacheka nini. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kuongea.

Angeweza kusema. Mtu aliyetukanwa mbele ya mji, mwenye neno moja tu la kujisafisha, akaacha kulisema miaka kumi na saba. Watu waliacha kumpelekea kanda za kwaya kwa sababu yangu. Sasa macho yamefifia, anakaa na mjukuu wake karibu na reli, nyumba ya pili kutoka pale wanapouza asali. Kesho, kabla hujashika barabara ya Nzega, pita kwake. Mwambie shikamoo. Akiuliza wewe ni nani, mwambie jina la mama yako. Mimi nilipanga kwenda mwenyewe mwaka juzi, nikapanga na mwaka jana, na sasa miguu imevimba na daktari anaongea nami kwa upole kupita kiasi. Mvua za mwaka huu nadhani mtazipokea bila mimi.

Mpe pia kaseti aikague kabla hujaipiga. Kanda ya zamani hutafunwa na mashine chafu. Atajua la kufanya hata bila macho.

Chai imepoa. Nimekunywa vidonge vya saa nane saa kumi, usinigombeze.

Ningeweza kuishia hapa. Nilikusudia kuishia hapa, na nilikuwa nimeshakunja karatasi. Ungeunganisha waya, ungesikia kaseti mahali fulani kati ya Nzega na Igunga, ungesikia mama yako mwenyewe akisema, "Anasema gari halitembei." Ungelia. Kisha ungenihurumia. Ungesema: masikini baba, gari lilikuwa limefumuliwa, angefanya nini? Mama yako angenifichia aibu tena, kutoka ndani ya kaseti, na mimi ningekwenda kaburini nikiwa nimejifunika kitenge chake. Kwa sababu hiyo kaseti peke yake haitoshi, na nimeikunjua karatasi.

Jumatano asubuhi, kama saa mbili, mama yako alitoka ndani amevaa gauni la kutokea na viatu. Alifungua mlango wa abiria, akakaa. Mkoba magotini. Kulikuwa hakuna dashibodi mbele yake, waya tu zilizoning'inia, naye akakaa kama watu wanaosubiri kuondoka. Mimi nilikuwa chini ya usukani, napima waya hii na ile.

"Baba Kabula," akasema, "nimeshavaa. Nipeleke."

"Gari halitembei, Mama Kabula. Ngoja nimalize hizi spika."

Alikaa pale kitambo. Nilisikia anavyopumua. Kisha akashuka, akafunga mlango polepole usinigonge miguu, akarudi ndani.

Nimekueleza juu ya redio, kwamba huwezi kuijaribu bila umeme. Betri ilikuwa mahali pake siku zote tatu. Nilichokuwa nimetoa ni plastiki, redio na kava za milango. Injini sikuigusa. Usukani ulikuwepo, viti vilikuwepo, mafuta yalikuwepo, ufunguo ulikuwa kwenye swichi umezungushwa nusu, ukining'inia juu ya uso wangu.

Gari lilikuwa linatembea.